Shehena Zilizofika Mweru

Aghalabu waandishi wa tarikh ya safari za bahari huianza hadithi yao bandarini na kuimaliza bandarini. Hutusifia merikebu ilivyoundwa, na dira ilivyotengenezwa, na nahodha alivyozijua nyota, kisha shehena ikishashushwa na ushuru ukalipwa, wao hufunga kitabu kana kwamba biashara nayo imekwisha. Lakini biashara ya dunia, tangu karne ya 15 hadi ya 18, haikuwa ya watu wa gatini peke yao. Pembe iliyopakiwa Kilwa ilikuwa imetoka kwa ndovu aliyeangukia mbali sana na maji ya chumvi, na nguo iliyoshushwa kisiwani Msumbiji ilikuwa na mvaaji wake ambaye hajapata kuiona bahari wala hatarajii kuiona. Katika safu hii nataka kuifuata shehena hiyo mpaka mahali pamoja, nao ni mwambao wa Ziwa Mweru upande wa Nchelenge na Kashikishi, kaskazini ya Zambia, ambako ukinyoosha mstari kwenda mashariki huna budi kupita kilomita 1,100 na ziada ndipo uione Kilwa, na ukiunyoosha kwenda magharibi utapita kama 1,700 kabla hujafika Luanda. Nimepachagua kwa sababu ni miongoni mwa mahali pachache barani palipoandikiwa habari zake mapema namna hii na watu waliotoka pande zote mbili za bahari, na kwa sababu hoja yangu hudhihirika hapo kuliko pengine: kwamba ule uvumbuzi mkubwa wa baharini ulikoma pale maji ya chumvi yanapokoma, na kilichoweza kuendelea mbele ni kile tu kilichobebeka kichwani, au kilichokuwa na miguu yake chenyewe, au kilichoweza kujizidisha kikishapandwa.

Tuuseme uvumbuzi wenyewe kwa ufupi, maana umesemwa sana. Bahari ya Hindi ilikuwa na ujuzi wake karne nyingi kabla ya Mreno yeyote kuiona: mitepe ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, vyombo vilivyokuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi, na marubani waliopima urefu wa nyota kwa kibao kidogo na uzi uliopigwa mafundo. Ahmad bin Majid wa Julfar alikuwa amekwisha andika vitabu vyake vya uongozi wa vyombo kabla Vasco da Gama hajatia nanga Malindi mwaka 1498, na huyo da Gama mwenyewe aliivuka bahari kutoka Malindi mpaka Calicut kwa msaada wa rubani aliyempata huko huko. Basi Wareno walileta nini? Walileta mizinga iliyofungwa ubavuni mwa merikebu nzito, naam. Na majedwali ya mwendo wa jua, ambayo asili yake ni kazi ya Abraham Zacuto, mwanafalaki Myahudi. Lakini mizinga ni ilimu ijifunzikayo upesi, na Waomani walijifunza: wakawatoa Wareno Maskati mwaka 1650, na Desemba 1698, baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu, wakawatoa katika Ngome ya Yesu ya Mombasa.

Kwa rai yangu, jambo jipya hasa lilikuwa ujuzi wa pepo za Atlantiki. Nahodha aliyetaka kufika Rasi ya Tumaini Jema alifundishwa na tajiriba kwamba asiung'ang'anie mwambao wa Afrika, ambako pepo na mikondo ingemrudisha nyuma, bali aipindishe merikebu mbali sana kuelekea magharibi, mpaka apate upepo wa kumrejesha mashariki. Na katika duara hilo ndimo Pedro Álvares Cabral, akiwa njiani kwenda Hindi mwaka 1500, alimoangukia Brazili. Tangu hapo Brazili, Angola, Msumbiji na Goa zikawa katika njia moja, chini ya mfalme mmoja, na kitu kilichoota katika udongo wa Amerika kikaweza, bila ya mtu yeyote kukusudia jambo kubwa, kuota katika udongo wa Afrika. Msomaji na aliweke moyoni hilo la Brazili, maana tutalirudia.

Sasa tushuke pwani. Mzigo wa mpagazi katika njia za misafara ya Afrika ya Mashariki ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70 au kilo 32 hivi. Merikebu yenye shehena ya tani 500, ambayo haikuwa kubwa sana miongoni mwa zile za Wareno za kwenda Goa, ingehitaji watu zaidi ya 15,000 kuichukua nchi kavu, kila mmoja na mzigo wake kichwani au begani. Na mpagazi hula, tofauti na tanga. Posho yake ya desturi ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, kama ratili moja na nusu. Kwa safari ya siku 90 ni ratili 135, maana yake ni kwamba chakula chake peke yake kilikaribia kuwa maradufu ya mzigo alioajiriwa kuuchukua, na kwa hiyo hakuna msafara uliopata kutoka pwani na chakula chake chote. Ulikula njiani, kwa watu wengine, kwa bei yao na kwa hiari yao. Ng'ombe na punda hawakufaa kitu, kwa kuwa mbung'o waliwamaliza. Mito nayo haikusaidia: Luapula, ulishao Ziwa Mweru, umekatwa na maporomoko ya Mambilima, na Luvua, utokao ziwani kaskazini pale Pweto, huungana na Lualaba na hatimaye kuwa Mto Kongo, ambao una maporomoko yake makubwa kabla ya kuifikia bahari. Merikebu ingeweza kutoka Lisbon ikafika Goa kwa miezi sita au zaidi kidogo, nusu ya dunia nzima; na mtu aliyetoka Tete kwenda Mweru, masafa yasiyofika kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka, alihitaji miezi mitatu.

Miezi hiyo mitatu sikuikisia. Ni ya safari iliyoandikwa. Francisco José de Lacerda e Almeida, mzaliwa wa São Paulo huko Brazili, mjuzi wa hisabati na falaki aliyesoma Chuo Kikuu cha Coimbra, alikuwa gavana wa nchi za Mto Zambezi zilizokuwa mikononi mwa Wareno. Waingereza walipoitwaa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1795, aliona kwamba taifa lenye nguvu baharini limejiweka katikati ya Angola na Msumbiji, na akashauri Wareno waziunganishe nchi hizo mbili kwa njia ya bara, wakipitia kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula. Alitoka Tete mwanzoni mwa Julai 1798. Wapagazi walimtoroka, homa ikampata, lakini njia nzima aliendelea kupima mahali alipo kwa vyombo vya falaki. Mwanzoni mwa Oktoba aliufikia mji wa Mwata Kazembe wa tatu, Lukwesa Ilunga, uliokuwa kusini ya Nchelenge ya leo, karibu na maji ya Mofwe, na tarehe 18 ya mwezi ule ule akafariki, kabla hajalitimiza shauri lililomleta. Padre Francisco João Pinto, aliyeushika uongozi baada yake, alikaa kwa miezi akibembeleza apewe ruhusa ya kuendelea magharibi. Mwata hakuitoa, na mwaka uliofuata msafara ukarudi Tete.

Nimemtaja Lacerda kwa urefu kwa sababu yeye ndiye mfano ulio dhahiri wa ilimu ya bahari iliyojaribu kutembea kwa miguu. Hakuwa mtu duni. Alizijua namba na nyota kuliko manahodha wengi wa zama zake. Lakini baharini ukishajua latitudo na longitudo umejua karibu kila kitu unachokihitaji, kwa kuwa maji hayana mwenyewe. Nchi kavu ukishazijua hizo, bado hujui ni nani mwenye kivuko, ni nani mwenye chakula, na ni zawadi gani itakayokufungulia njia. Habari hizo zilikuwa kwa Wabisa, wachuuzi waliopita baina ya Luapula na nchi za Wayao. Wao hawakuwa na astrolabu, wala hawakuihitaji.

Yako mengine ya namna hiyo. Karne ya 18 iliwapatia wanamaji saa ya John Harrison, iliyojaribiwa baharini mwaka 1761, nayo iliwawezesha kuijua longitudo kwa kubeba saa ya nyumbani mpaka ugenini bila kupotea dakika. Ni mojawapo ya kazi bora za mikono ya binadamu. David Livingstone alizichukua saa za jinsi hiyo alipokuwa akiliendea Ziwa Mweru, lakini mwanzoni mwa 1867 mchukuzi aliyezibeba aliteleza akaanguka nazo, mwendo wa saa hizo ukaharibika, na hesabu zake za longitudo zikapotoka baada ya hapo. Alipolifikia ziwa mnamo Novemba ya mwaka ule, na kisha mji wa Kazembe, hakika ya mahali alipo aliipata kwa kuwauliza watu. Na miongoni mwa hao alikuwamo Mwarabu aitwaye Muhammad bin Saleh, ambaye alikuwa amekaa kwa Kazembe miaka mingi bila ya kupewa ruhusa ya kuondoka. Saa iliyotengenezwa ili ihimili dhoruba haikutengenezwa kwa bega la mtu anayepanda kilima chenye utelezi.

Waliofanikiwa pale aliposhindwa Lacerda hawakuwa na chombo chochote cha falaki. Pedro João Baptista na Amaro José, watu weusi wa Angola, watumwa wa mfanyabiashara Mreno wa soko la Kasanje, walitumwa mwaka 1802 waende Tete kwa miguu. Walizuiwa njiani miaka kadhaa, wakafika kwa Kazembe mwaka 1806, wakakaa hapo takriban miaka minne wakisubiri ruhusa, na mwaka 1811 wakaingia Tete. Kisha wakageuka wakarudi Angola kwa njia ile ile waliyoijia. Hiyo ndiyo safari ya kwanza iliyoandikwa ya kuvuka bara baina ya makoloni hayo mawili ya Wareno, kwenda na kurudi, na walioitimiza jina lao halimo katika vitabu vingi vya shule. Baptista alijua kuandika, akaweka daftari ya safari. Ndani yake ametueleza vitu alivyoviona nyumbani kwa Mwata: birika za chai, vikombe, vijiko na uma za fedha, sahani za Ulaya, kofia, viatu, sarafu za dhahabu. Na ametueleza pia chakula cha nchi, kilichopatikana mwaka mzima: unga wa muhogo, mtama, mahindi, kunde, ndizi, miwa, viazi, karanga, na samaki wengi wa Luapula na wa ziwani.

Nakuomba msomaji uziangalie orodha hizo mbili kwa pamoja. Ile ya kwanza ndiyo inayowavutia watu, kwa kuwa inachekesha kidogo kumwona mfalme wa bara, ambaye hakuna merikebu ingeweza kumkaribia, akiwa na vijiko vya fedha vilivyovuka bahari na kisha vikavuka misitu juu ya vichwa vya watu. Lakini vijiko vile vilikuwa pambo la nyumba moja. Katika ile orodha ya pili, muhogo, mahindi na karanga vyote vitatu ni mimea ya Amerika. Havikuwapo Afrika kabla ya merikebu za Atlantiki, navyo vilikuwa chakula cha kila nyumba.

Kabla sijaufikia muhogo, niseme habari ya nguo, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa fedha ya bara. Watu hudhani kwamba bara lilipokea chochote kilicholetwa kutoka pwani, nao wamekosea. Nguo za pamba zilizouzwa Msumbiji zilifumwa Gujarati, na nyingi katika hizo zilitoka Jambusar, ambako wafumaji walifuma kwa kipimo, kwa rangi na kwa mistari iliyoagizwa kwa ajili ya wanunuzi wa Afrika. Mabaniani wa Diu, ambao biashara hiyo ilikuwa mikononi mwao, walijua kwamba nguo iliyopitwa na wakati itarudi kama ilivyokwenda, au itaozea ghalani. Ushanga nao ulikuwa hivyo hivyo. Mafundi wa Murano, karibu na Venice, walivumbua njia ya kukivuta kioo cha moto kikawa mrija mrefu, kisha wakaukata vipande vidogo kwa maelfu, na bei ya ushanga ikashuka kote duniani. Lakini rangi ambayo kijiji kimoja kiliipenda mwaka huu, kijiji kilichofuata kiliikataa, na tajiri wa msafara aliyechagua vibaya alijikuta na mizigo isiyoweza kumnunulia hata kuku. Kwa hiyo habari ya matakwa ya watu wa Luapula ilipita kwa Wabisa, ikapita kwa Wayao, ikafika kisiwani Msumbiji, ikavuka bahari kwa kusi, na kufika mikononi mwa mfumaji wa Gujarati ambaye jina la Mweru hajapata kulisikia. Sijui kama kuna uvumbuzi wa karne zile uliokuwa wa ajabu kuliko huo, na haukuwa na mtambo hata mmoja.

Mwata Kazembe mwenyewe aliigeuza nguo ya kigeni kuwa alama ya enzi. Antonio Gamitto, askari wa Kireno aliyefika huko mwaka 1831, ameyaeleza mavazi hayo kwa uangalifu mkubwa: ule mukonso, kitambaa kirefu kinachokunjwa kwa mikunjo mingi kiunoni na kufungwa kwa mkanda wa ngozi ya ng'ombe uitwao insipo. Anayekwenda Mwansabombwe mwezi wa Julai, katika sikukuu ya Mutomboko, atamwona Mwata wa leo akicheza na upanga na shoka mkononi, naye amevaa mukonso.

Malipo ya nguo hizo yalikuwa pembe na shaba. Shaba ya Katanga, aghalabu imekalibiwa kwa mfano wa msalaba, ilipita mikononi mwa Kazembe kwa njia ya kodi. Pembe zilikwenda mashariki kwa Wabisa na Wayao, na nyingi zikaishia Gujarati kuwa bangili za maharusi. Wareno wa Msumbiji walipoongeza ushuru wa pembe mwishoni mwa karne ya 18, Wayao wakazigeuzia Kilwa, na Kilwa ikawa mlango wa Zanzibar. Hapo ndipo penye jambo ambalo waandishi wa sifa za merikebu hupenda kulipita mbio. Biashara iliyoshindwa kupata mnyama wa mizigo wala gurudumu iligundua bidhaa yenye miguu yake. Mtumwa alijichukua mwenyewe mpaka pwani, na mara nyingi akachukuzwa na pembe juu yake, naye akauzwa pamoja na mzigo wake. Wafaransa wa visiwa vya Bahari ya Hindi walitaka watu wa kulima mashamba yao, na mwaka 1776 mfanyabiashara aitwaye Morice alifanya mapatano na Sultani wa Kilwa ya kupewa watumwa 1,000 kila mwaka. Baadaye karafuu za Unguja nazo zikataka mikono. Lau hesabu ya uchukuzi wa nchi kavu ingalikuwa nyingine, sisemi utumwa usingalikuwapo, kwa kuwa tamaa haihitaji hesabu. Lakini hakuna shaka kwamba ughali wa mpagazi wa kuajiriwa ulimfanya mtu aliyefungwa mnyororo kuwa faida mara mbili.

Bunduki za gumegume nazo zilifika, lakini zilichelewa. Enzi ya Lukwesa ilisimama kwa mikuki, mishale na panga. Bunduki zilipokuja kwa wingi, katikati ya karne ya 19, ziliwafaa wageni zaidi, na Msiri, Mnyamwezi aliyeanzisha ufalme wake ng'ambo ya Luapula, ndiye aliyemnyang'anya Kazembe shaba ya Katanga.

Basi tuje kwenye muhogo. Ulitolewa Brazili ukapandwa Angola na Kongo katika karne ya 16 na ya 17, kwanza kwa ajili ya kulisha merikebu na watumwa waliongojea kupakiwa. Kutoka hapo ukaingia bara kwa mkono wa wakulima, kijiji hata kijiji, mpaka nchi ya Mwata Yamvo, mfalme wa Walunda wa magharibi. Walunda waliotoka huko, wakavuka Luapula katikati ya karne ya 18 na kuwatawala Washila, wavuvi wenyeji wa ziwa, ndio wahesabiwao kuwa waliueneza katika bonde hili. Haukuja kama unga wala kama mzizi. Ulikuja kama kijiti, urefu wa shibiri moja, ambacho mtu hukichoma ardhini na kukiacha. Mpagazi mmoja wa vijiti aliweza kupanda shamba, na shamba hilo mwaka wa pili likatoa vijiti vya mashamba kumi. Ile hesabu ya frasila mbili, iliyoikamata nguo na pembe na vijiko vya fedha, muhogo haukuijali kabisa.

Na ulikuta nchi inayoungoja. Mwambao wa Mweru una samaki wa kuwashibisha watu wengi mahali pamoja, lakini nafaka ni taabu. Ulezi wa nchi za juu, kwa Wabemba, hutaka kukata matawi ya miti ya eneo kubwa, kuyachoma, na kuhama baada ya miaka michache, na watu wengi waliobanana kando ya maji hawawezi kuishi kwa kuhama. Muhogo hukubali mchanga dhaifu, hauhitaji ghala kwa kuwa hukaa ardhini miaka miwili na zaidi ukingoja kuchimbwa, na nzige wakila majani, mzizi hubaki. Ndipo mji mkuu wa maelfu ya watu ukaweza kusimama karibu na Mofwe, na misafara ikaweza kulishwa, na wageni kama Baptista wakaweza kukaa miaka minne bila kufa njaa. Lacerda, mwana wa Brazili, alikuja kufa mahali ambapo watu walikuwa wakila chakula cha kwao, nao walikuwa wamekifanya chao.

Lakini muhogo mchungu ni sumu, na asiyejua kuutengeneza utamdhuru. Watu wa Amerika walikuwa na hila zao, kuukuna na kuukamua na kuukaanga. Bonde la Luapula lilifuata njia nyingine, na njia hiyo ingali ikionekana kila siku Nchelenge. Akipita mtu asubuhi kando ya vijito viingiavyo ziwani ataipata harufu kali, iliyochacha, kabla hajaona kitu. Kisha ataona mihogo iliyomenywa imelala majini, imezungushiwa mawe isichukuliwe, siku ya tatu au ya nne sasa, imekuwa laini kiasi cha kuvunjika vidoleni. Mwanamke huinama, akakichukua kipande, akakibinya kujaribu. Kikiwa bado kigumu katikati hukirudisha. Kikiwa tayari huuchomoa ule uzi wa ndani kwa mvuto mmoja, akaumega muhogo, akautandaza mkekani au juu ya mwamba, ambako jua litaukausha mpaka uwe mweupe kama chokaa. Kinachotendeka humo majini wataalamu wa kemia wamekieleza: muhogo unapovunda, kimeng'enya kilicho ndani yake wenyewe huitengua ile sumu ya sianidi, ikatoka na maji na hewa. Wanawake wa Luapula waliijua kazi hiyo pasipo jina la sianidi, na nadhani majaribio yao, ambayo hakuna mfalme aliyeyatolea tuzo wala chuo kilichoyaandika, yanastahili kuwekwa safu moja na saa ya Harrison. Ile saa iliokoa mabaharia. Huku kuloweka kumelisha taifa.

Hata leo biashara ya ziwa imesimama juu ya muhogo huo na samaki. Chisense, wale dagaa wadogo wang'aao, huanikwa mchangani sokoni Kashikishi karibu na marobota ya muhogo mkavu. Majani yake, katapa kwa wenyeji, sombe kwa Wakongo, kisamvu kwetu sisi wa pwani, hayakosekani penye chakula. Boti zitokazo Pweto na Kilwa, nayo ni Kilwa ya Kongo, wala si ile ya Sultani, hutia nanga na abiria wake wakizungumza Kiswahili, wakaulizana bei na wenyeji wasemao Kibemba, na vitenge vilivyofungwa viunoni mwa wote vimetoka katika viwanda vya mbali vile vile kama zamani. Injini ya nyuma ya boti imekuja, na lami imekuja kutoka Mansa. Lakini mizigo ingali ikishushwa begani, mtu akiingia majini mpaka mapajani.

Walimu wa tarikh wa pande zote mbili za ziwa, nawaombeni jambo moja. Habari za Lacerda, za Baptista na za Gamitto zimechapishwa tangu zamani, na mwaka 1951 kilichapishwa kwa Kibemba kitabu cha Mwata Kazembe wa kumi na nne, Shadreck Chinyanta Nankula, cha masimulizi ya wazee wake, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi. Wawekeeni wanafunzi vitabu hivyo mezani pamoja na vile vya Vasco da Gama, kisha watumeni kwa nyanya zao wakaulize muhogo hulowekwa siku ngapi, wakati wa jua na wakati wa mvua, na hayo nayo wayaandike daftarini.